Shajara ya mradi wa wajane, Lamu: karatasi hazingoji eda

Wiki ya 1. Kupanga njia

Kizuka, yaani mjane aliyefiwa na mume, hukaa edani, muda wa kungoja kwa sharia ya Kiislamu, miezi minne na siku kumi. Kwa hesabu ya mwezi mwandamo ni kama siku 128. Katika siku hizo kifo kinaandikishwa au hakiandikishwi, barua ya chifu inajazwa majina, kodi ya duka inapokewa na mtu, mashua inauzwa au inapasukia mchangani. Yeye yumo ndani. Siku akitoka na kuuliza, jibu huwa: "Mambo yalishakwisha, shemeji." Mradi huu umesimama juu ya jambo hilo moja: kazi ya karatasi ifanyike ndani ya eda, nyumbani kwake, na kila karatasi ipite mbele ya macho yake.

Eda yenyewe hatuigusi. Maulamaa wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi hapa, wanamruhusu mwenye eda kutoka mchana kwa haja, mradi usiku alale kwake. Kwa hiyo kwenda mahakamani akilazimika si kuvunja eda. Lakini wengi hawapendi kuonekana njiani na hilo ni lao. Wanakwenda wanawake wawili, na mlango wanafunguliwa na somo wake, yaani mwanamke msiri wake. Bila somo hatuingii. Yeye ndiye anayejua saa ya kuja, nani yumo ndani, na nani akiwepo kizuka hatasema neno.

Mkoba wa ziara moja tumeupanga hivi: bahasha 4 za plastiki zenye zipu, daftari la kurasa 96, kidau cha wino wa dole gumba na kitambaa cha kufutia, kalamu 3, simu ya kupigia picha karatasi, na shuka jeupe la kutandika chini ya karatasi wakati wa kupiga picha. Bahasha za karatasi tumeziacha. Unyevu wa chumvi huzilegeza, na mchwa wa mtaa wa Langoni hawabagui hati na gazeti.

Wiki ya 2. Cheti cha kifo

Mtu akifa usiku huzikwa baada ya adhuhuri. Hapo ndipo uzi unapokatika. Kifo cha hospitalini kina fomu yake, D1, ambayo hospitali yenyewe huijaza. Kifo cha nyumbani ni fomu D2, iliyo mikononi mwa naibu wa chifu, na kibali cha maziko hutoka hapo hapo. Jeneza likitoka kabla ya naibu wa chifu kujua, kifo kinakuwa kimejulikana msikitini tu, na serikali bado inamhesabu marehemu kuwa hai. Baada ya miezi 6 kifo hakiandikishwi tena bila idhini ya maandishi kutoka kwa msajili.

Tulichopatana na wazee wa mitaa ni hiki: wakati maiti anaoshwa, mtu mmoja aende kwa naibu wa chifu akiwa na kitambulisho cha marehemu. Asiwe mtoto wa marehemu, kwa kuwa watoto wana kazi ya maziko. Jirani anatosha. Kabla kitambulisho hakijaondoka nyumbani, kipigwe picha mbele na nyuma na zitolewe nakala 3, kwa sababu hakirudi. Kifo kikishaandikishwa, kitambulisho hukabidhiwa serikali.

Kosa kubwa ni la majina. Kitambulisho kinasema Mohamed, cheti cha ndoa kinasema Muhammad bin fulani, kitabu cha risiti kinasema Mudi. Kila ofisi itamrudisha mjane kwa herufi moja. Dawa yake ni hati moja ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo, yenye kutaja namna zote jina lilivyoandikwa na kwamba ni mtu mmoja. Ifanywe mara moja, mwanzoni. Tuliiacha mpaka mahakamani, tukalazimika kurudia viapo vitatu kwa familia moja.

Wiki ya 4. Chakula

Tulipeleka mzigo wote siku ya pili ya msiba. Ni makosa yetu, na tumejifunza: chakula kilichofika matangani huliwa na matanga. Mchele wa mwezi mzima ukaishia kwenye sufuria za wageni, na tulipopita siku ya kumi mtungi wa unga ulikuwa mtupu.

Sasa hatupeleki kitu kabla ya hitima ya siku ya tatu kwisha, na tunapeleka kidogo kidogo, kila siku kumi. Kwa mama na watoto wanne fungu moja ni mchele kilo 6, unga wa ngano kilo 4, unga wa mahindi kilo 4, sukari kilo 2, mafuta lita 1, maharagwe au pojo kilo 2, majani ya chai, chumvi na sabuni ya mche mmoja. Samaki hatununui. Jirani wavuvi huleta wenyewe, na ukileta wewe unawafungia mlango wa thawabu.

Hupelekwa baada ya isha, katika vikapu vya kawaida, bila kamera. Mfadhili anayetaka picha aonyeshwe risiti za duka.

Wiki ya 5. Maji

Safari za kisiwa cha Pate (Faza, Kizingitini na Pate yenyewe) zimepangwa upya kwa kalenda ya maji, si kwa siku za juma. Mkanda, mlango mwembamba wa bahari tunaopitia, haupitiki maji yakitoka. Siku za bamvua, maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, maji hujaa alfajiri na alasiri, kwa hiyo anayetaka kurudi Lamu mchana atakaa kwenye tope akitazama mikoko. Kwa kila ziara ya Pate tunahesabu siku mbili na kulala huko.

Wiki ya 6–7. Orodha ya mali, na mashua

Orodha huandikwa mapema, hata kama hakuna ugomvi. Ugomvi ukishaanza hakuna orodha itakayoaminiwa. Daftari lina safu tano: kitu, kilipo, hali yake, kiko kwa jina la nani, nani anajua. Safu ya tano ndiyo yenye kazi. "Nani anajua" maana yake shahidi anayeweza kuitwa.

Kwanza tunatenga mali ya mke mwenyewe: dhahabu yake, cherehani, kitanda alichokuja nacho, vyombo, fedha za chama chake. Hivi si urithi na havigawanywi. Ni ajabu mara ngapi cherehani ya mjane huingia kwenye orodha ya marehemu kwa sababu tu ilikuwa chumbani mwake.

Mashua ina shida ya peke yake, maana inakufa ikisubiri. Chombo cha mbao kikikaa juu ya mchanga miezi mitatu bila kupakwa sifa (mafuta ya papa), mbao hukauka, pamba ya kalafati iliyoziba mishono hutoka, na siku ya kukishusha kinanyonya maji kila mshono. Mashine isiyowashwa hushika kutu. Kwa hiyo "isiguswe mpaka kadhi agawe" ni ushauri mbaya unaosikika kama ushauri mzuri. Tunafanya hivi:

Picha za chombo pande nne, ndani, na nambari ya mashine ikisomeka. Orodha ya zana: nyavu ngapi na za macho mangapi, nanga, kamba, tanga, tangi la mafuta. Kisha mapatano ya ukurasa mmoja na nahodha yule yule aliyekuwa akivua nacho, yakisainiwa na kizuka, ndugu mmoja wa marehemu na mzee wa kamati ya bandari: fungu la chombo litolewe kama kawaida, liandikwe kila siku ya kutua, gharama za mafuta na matengenezo zitolewe humo, na kinachobaki kikae kwa mtu mmoja waliyemkubali wote. Si kwa nahodha, wala si kwa shemeji. Daftari liko kwa kizuka, na kila Ijumaa linasomwa kwa sauti.

Kwa anayepokea kodi au kuuza kitu bila idhini, tunaanza na barua, kwa lugha ya nyumbani. Hii ndiyo sampuli iliyofanya kazi vizuri zaidi:

"Shemeji yangu, assalamu alaikum. Nimepata habari kuwa kodi ya duka la marehemu imepokewa miezi miwili. Naomba iandikwe na iwekwe mpaka kadhi atakapogawa. Sidai zaidi ya fungu langu, wala sitaki fungu la mtu. Sheria ya Urithi, kifungu cha 45, inamkataza yeyote kushika mali ya marehemu bila idhini ya sheria. Nakuomba tusifike huko. Shemeji yako."

Kifungu hicho adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Watu wengine husema hakiwahusu Waislamu. Kinawahusu: kifungu cha 2(4) kinaileta sehemu ya usimamizi wa mirathi kwa Waislamu pale isipopingana na sharia, na hakuna sharia inayohalalisha kula mali ya yatima.

Simu ya marehemu: laini isitupwe wala isiachwe ikafa kwa kutotumika. Iwekwe salio dogo mara kwa mara. Nambari ya siri, hata kama mtoto anaijua, isitumiwe kutoa pesa. Fedha hizo ni za warithi wote, na anayezitoa leo kwa ajili ya kununua sukari atakuja kuitwa mwizi kesho.

Wiki ya 8. Thumuni

Kila mjane tunamfanyia hesabu kwa shilingi, mezani, kabla hajaenda kwa kadhi. Hatutoi hukumu. Tunataka ajue namba atakayoisikia. Mke aliyeachwa na mume mwenye mtoto hupata thumuni, yaani moja ya nane. Mume asipoacha mtoto, robo. Wake wakiwa wawili au zaidi hugawana fungu hilo hilo. Hayo yamo katika Suratun Nisaa, aya ya 12, na kizuka wengi wanayajua kwa moyo. Wasichokijua ni kinachotoka kabla.

Mfano tunaoutumia: mali yote shilingi 1,050,000. Gharama za maziko 20,000. Madeni 40,000. Mahari iliyobaki kuwa deni 30,000. Hakuna wasia. Kinachogawanywa ni 960,000. Mke, thumuni: 120,000. Mama wa marehemu, sudusi, yaani moja ya sita: 160,000. Kinachobaki, 680,000, ni cha watoto. Wana wawili na binti mmoja ni mafungu matano ya 136,000, kila mwana 272,000, binti 136,000.

Mstari wa mahari ndio unaorukwa. Mahari isiyolipwa ni deni juu ya marehemu kama deni la duka, hutolewa kabla ya kugawa, na mke hulipata juu ya thumuni yake. Katika mfano huu anatoka na 150,000. Mjane anayeulizwa mbele ya wakwe, "Mahari umesamehe?" akainamisha kichwa, kimya chake huandikwa kuwa ndiyo. Swali hilo sasa tunamuuliza sisi mapema, akiwa na somo wake tu, na jibu tunaliandika kwa maneno yake.

Ndoa isiyo na cheti bado inathibitishika: walii, mashahidi wawili, na aliyefungisha. Akiwa wa mwisho amekufa, waliohudhuria. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa za Kiislamu ziandikishwe kama nyingine, lakini nikaha nyingi za visiwani ziko vichwani mwa watu, na watu hao wana umri. Ushahidi wao tunauandika sasa.

Wiki ya 10. Nyumba

Hapa ndipo tulipotumia muda mwingi kuliko popote, na kwa haki.

Desturi ya mtaa wa Mkomani ni baba kumjengea au kumpa binti nyumba anapoolewa. Mume huhamia kwa mke. Miaka thelathini baadaye mume anakufa, na ndugu zake wanaihesabu nyumba kuwa ya marehemu, kwa kuwa yeye ndiye aliyeitengeneza dari, aliyelipa bili, aliyekaa barazani. Nyumba ile ilikuwa hiba, yaani zawadi. Hiba ina mambo matatu: kutamka, kukubali na kukabidhi. Mara nyingi yote matatu yalifanyika, mbele ya watu ishirini, bila hata mstari mmoja wa wino.

Tulikuta hati moja ya aina hiyo imewekwa ndani ya kidaka cha ukutani, imekunjwa mara nne ndani ya kitambaa cha hariri. Sehemu za mikunjo zilikuwa zimeliwa, na pale palipoandikwa mpaka wa kusini pana tundu la ukubwa wa punje ya mahindi. Mpaka huo ndio unaogombaniwa. Usiifungue hati ya namna hii kwa kuivuta. Ilaze usiku kucha chumba chenye unyevu, ifungue kwa karatasi mbili safi, piga picha karibu na dirisha bila mwanga wa simu, kisha usiikunje tena kamwe. Isilaminishwe. Ikishafungwa kwa plastiki ya moto mahakama haiwezi kuikagua na haitengenezeki tena.

Nyumba ambayo kweli ni ya marehemu haiwezi kukatwa thumuni kwa msumeno. Nyumba ya milioni 2.4, thumuni ni 300,000. Ama warithi wenzake wamnunue, ama ipangishwe agawiwe kodi: ikipangishwa 12,000 kwa mwezi, fungu lake ni 1,500. Au abaki humo na wenzake wakubaliane. Kinachotuumiza ni karatasi ya takharuji, ile ya mrithi kujitoa kwa malipo, inayoletwa mwezi wa kwanza wa eda na bahasha ya elfu ishirini. Takharuji ni halali. Kutia dole gumba usichosomewa si halali. Kila somo sasa ana agizo moja: karatasi yoyote inayotaka dole ilale nyumbani siku tatu, isomwe mara mbili na watu wawili tofauti. Anayekataa kuiacha siku tatu ameshajibu swali.

Itifaki ya Maputo ya 2003, iliyoridhiwa na Kenya mwaka 2010, inampa mjane haki ya kuendelea kukaa katika nyumba ya ndoa. Mbele ya hakimu ina uzito. Barazani aya ina nguvu zaidi, na hatuoni haya kuanza na aya.

Mume aliye hai anayetaka kumlinda mkewe asimwandikie wasia: mrithi hausiwi, isipokuwa warithi wengine wakubali. Alipe mahari yake, atoe hiba akiwa hai na mzima, akabidhi ufunguo, aandike, mashahidi watie saini.

Wiki ya 12. Mpeketoni na Hindi

Huku, upande wa bara wa Lamu, wengi si Waislamu, na njia ni Sheria ya Urithi, Sura ya 160. Mahakama ya kadhi haiwezi kuwasikiliza. Katiba, Ibara ya 170, inaiweka kwa Waislamu waliokubali mamlaka yake. Hakimu mkuu anasikiliza mirathi ya thamani isiyozidi shilingi milioni 20, na mashamba ya huku yako chini sana ya hapo.

Mwendo: barua ya chifu yenye warithi wote, cheti cha kifo, fomu za mirathi P&A 80 ya ombi na P&A 5 ya kiapo, ridhaa za warithi kwa P&A 38, wadhamini. Tangazo hutoka katika Gazeti Rasmi, na siku 30 hupita kungoja pingamizi. Hati ya usimamizi hutolewa, kisha miezi 6, kisha kuthibitishwa. Shamba haliandikwi jina jipya kabla ya kuthibitishwa. Kwa kanuni ya jumla ya sheria hiyo, mjane mwenye watoto hupata vyombo na vitu vya nyumbani moja kwa moja, na kilichobaki anakitumia maisha yake, kisha ni cha watoto.

Mtego uko kwenye kifungu cha 58. Watoto wakiwa wadogo, wasimamizi hawapungui wawili. Mjane akifika bila mtu wa pili, kiti hicho hukaliwa na shemeji aliyemsindikiza, na tangu hapo hakuna kitakachopita bila saini yake. Mtu wa pili atafutwe nyumbani kabla ya kuchukua fomu: mtoto mkubwa, dada, mtu wa kanisani anayeaminika.

Mashamba ya mradi wa makazi wa Lake Kenyatta yana jambo jingine: palipobaki deni la mfuko wa makazi, hati haitoki mpaka lilipwe. Salio liulizwe kwanza.

Wiki ya 15. Waliopotea baharini

Hakuna maiti, hakuna kaburi, hakuna fomu D2. Mke si mjane wala si mke. Kusi hili ni kali na faili hizi ndizo ngumu kuliko zote.

Ushahidi una maisha mafupi. Ndani ya siku tatu: taarifa polisi na nambari ya OB (kitabu cha matukio) iandikwe mahali pawili; jina lake katika daftari la kamati ya ufuo la siku chombo kilipotoka; maelezo ya walionusurika, mmoja mmoja, kabla hawajasafiri tena. Maswali yawe ya karibu: alivaa nini, alishika nini, ulimwona mara ya mwisho umbali gani, bahari ilikuwaje, mlikaa majini saa ngapi. Mabaki ya chombo yapigwe picha yalipookotwa. Kwa ushahidi wa namna hiyo kadhi anaweza kuhukumu kuwa amekufa, na yeye ndiye atakayetaja eda ianze lini. Sisi hatuitaji tarehe hiyo, hata tukiulizwa kwa machozi.

Palipokosekana shahidi, Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 118A, inangoja miaka 7 bila habari zake ndipo ikadhani amekufa. Miaka saba mtoto wa chekechea anafika darasa la juu. Ndiyo maana siku tatu za kwanza zina thamani ile.

Wiki ya 18. Hali ilivyo

Vizuka wa kwanza tulioanza nao wanatoka edani wiki hii. Faili zilizokuwa na cheti cha kifo mwezi wa kwanza zimeshafikishwa kwa kadhi. Zilizochelewa zingali kwa msajili.

Hati yenye tundu: jirani wa kusini amekubali kupima mpaka pamoja, mbele ya wazee wawili, kamba ya mita 30. Mashua moja imerudi pwani kupakwa sifa. Gharama imeandikwa, mjane amesoma mwenyewe. Bahasha za zipu zimebaki 11, ziagizwe 50. Safari ya Kizingitini ni bamvua ijayo, kuondoka alfajiri, na apelekwe kamishna wa viapo maana kuna hati tano za majina.